Mwambieni mfungwa tarehe yake: barua ya wazi kuhusu habeas corpus katika mahakama za shirikisho Marekani

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati za Sheria za Seneti na Baraza la Wawakilishi la Marekani, na kwa Waheshimiwa majaji na mawakili wa kamati inayoandaa kanuni za mashauri ya jinai katika mahakama za shirikisho.

Waheshimiwa,

Naandika kuhusu mwaka mmoja. Umo katika kifungu cha 2244(d) cha sheria za shirikisho kuhusu mahakama, na uliingizwa humo na sheria ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 24 Aprili 1996, mwaka mmoja na siku tano baada ya bomu la Oklahoma City kuua watu 168. Kabla ya hapo, mfungwa wa jimbo aliyeamini kwamba Katiba ilivunjwa katika kesi yake hakuwekewa tarehe maalumu ya mwisho ya kwenda mahakama ya shirikisho kuomba habeas corpus, yaani amri ya kumtaka mkuu wa gereza aeleze anamshikilia mtu huyu kwa haki gani. Tangu hapo tarehe ipo. Ila sheria iliyoiweka haimlazimishi mtu yeyote, awe karani wa mahakama, jaji au askari magereza, kumwambia mfungwa kwamba ipo.

Ninachoomba ni hiki: hukumu ya mtu inapokuwa ya mwisho, apewe karatasi yenye tarehe hiyo, kwa lugha anayoisoma.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mimi ni mkalimani. Naishi Louisville, Kentucky, na katika makanisa na maduka ninayokwenda husikika Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, na cha watu waliokaa miaka kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa hapa kama wakimbizi. Wengi wao hawatakanyaga mahakamani maisha yao yote. Wachache wana mtoto au ndugu gerezani, na hao ndio hunijia na bahasha mkononi. Nataka barua hii waielewe wao kwanza. Ninyi mna ofisi zenye wakalimani, mkitaka kuisoma mtaisoma. Mfungwa anayesoma Kiswahili tu hana ofisi hiyo.

Kwa ajili ya familia hizo niieleze njia yenyewe, maana wengi walilisikia neno habeas kwa mara ya kwanza mwaka 2025, kupitia habari za watu wanaoshikiliwa na idara ya uhamiaji, na wanadhani yote ni mamoja. Anayeshikiliwa na uhamiaji huomba chini ya kifungu cha 2241, katika wilaya anakoshikiliwa, na mwaka mmoja ninaouzungumzia haumbani. Aliyehukumiwa na mahakama ya shirikisho hurudi kwa mahakama ileile iliyomhukumu, chini ya kifungu cha 2255, naye ana mwaka wake. Barua hii ni ya waliohukumiwa na mahakama za majimbo, ambao kifungu chao ni cha 2254. Ndio wengi zaidi magerezani.

Mtu huyo lazima amalize kwanza njia za jimbo lake. Anakata rufaa, na kila hoja ya Katiba ya Marekani anayotaka kuibeba mbele lazima aiweke mezani hukohuko. Rufaa ikishindwa hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ana siku 90 za kuomba Mahakama ya Juu ya Marekani imsikilize. Asipoomba, siku hizo zikiisha hukumu imekuwa ya mwisho na mwaka unaanza kuhesabiwa. Hakuna barua inayotumwa. Mwaka husimama pale tu anapokuwa na ombi la baada ya rufaa mbele ya mahakama ya jimbo, lililowasilishwa sawasawa, na ombi hilo likikataliwa hesabu inaendelea kutoka palepale ilipokuwa. Haianzi upya.

Hapa Kentucky ndipo ninapoona watu wakianguka. Kanuni ya 11.42 ya mashauri ya jinai ya jimbo letu inampa mfungwa miaka mitatu, tangu hukumu iwe ya mwisho, kuleta ombi la kusema, kwa mfano, kwamba wakili wake hakumtetea ipasavyo. Miaka mitatu jimboni, mwaka mmoja shirikisho. Chukulieni mtu ambaye hesabu yake ya shirikisho ilianza tarehe 1 Machi 2022. Mwenzake wa selo amemwambia ana miaka mitatu, na mwenzake hakusema uongo. Anakusanya karatasi, anatafuta wa kumwandikia, na Juni 2023 ombi lake linafika masijala ya jimbo. Linapokelewa, linagongwa muhuri, linasikilizwa, linakwenda rufaa. Kila mtu anayelishika anamwambia limekuja ndani ya muda, na ni kweli. Kisha anakwenda mahakama ya shirikisho na kuambiwa kwamba mwaka wake uliisha Machi 2023, miezi mitatu kabla ombi lake halijafika masijala ya jimbo, na kwamba ombi la jimbo haliwezi kusimamisha muda ambao umeshakwisha.

Nilikaa mezani na mama mmoja ambaye mwanawe yalimpata haya. Amri ya jaji ilikuwa mbele yetu, nami nikamsomea aya kwa aya, tarehe juu ya tarehe. Nilipofika mwisho akanyamaza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwanangu, ile kesi ya mtoto walisoma ao hawakusoma?" Nilimjibu kwamba hawakuisoma. Walisoma tarehe. Hoja ya mwanawe ilikuwa kwamba alikiri kosa bila kuelewa alichokuwa akitia saini, na hakuna jaji wa shirikisho aliyefika kuiuliza hoja hiyo iwapo ni ya kweli au si ya kweli.

Mtasema kila anayekwenda mahakamani ana wajibu wa kujua muda wake. Basi niwakumbushe namna wasomi wa sheria wenyewe wanavyouhesabu.

Katika kesi ya Day v. McDonough, mawakili wa jimbo la Florida walihesabu siku ambazo mfungwa alikuwa ameshatumia katika mwaka wake wakapata 352, wakakubali kwa maandishi kwamba amewahi. Walikosea. Zilikuwa 388. Jaji hakimu, yaani hakimu anayemsaidia jaji wa shirikisho, aligundua mwenyewe, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikasema ni halali jaji kusahihisha kosa hilo na ombi likafutwa. Mwaka uliofuata ikaja Bowles v. Russell, kutoka Ohio. Keith Bowles hakupata taarifa kwamba ombi lake la habeas limekataliwa, hivyo akaomba afunguliwe tena nafasi ya kukata rufaa. Kanuni inaruhusu siku 14. Jaji, kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua, akampa siku 17 na kuandika tarehe katika amri yake: 27 Februari. Bowles aliwasilisha tarehe 26, siku moja kabla ya siku aliyopewa na jaji. Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema amechelewa, na kwamba jaji hakuwa na mamlaka ya kumpa siku zile tatu za ziada. Jaji David Souter aliandika katika maoni yake ya kupinga kwamba haivumiliki mahakama kuwatendea watu hivi. Nakubaliana naye kwa moyo wote.

Tazameni kesi hizo mbili kwa pamoja, Waheshimiwa. Mawakili wa serikali walipokosea hesabu, mahakama iliwasahihishia. Jaji alipokosea hesabu, mfungwa ndiye aliyelipa. Na wakili wa mfungwa akikosea, analipa mfungwa vilevile. Mawakili wa Roger Coleman wa Virginia walichelewesha taarifa ya rufaa kwa siku tatu, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ikasema katika hatua ile mtu hana haki ya kikatiba ya kuwa na wakili, hivyo kosa la wakili ni mzigo wake mwenyewe. Sisemi Coleman hakuua. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa mwaka 2006, miaka mingi baada ya kuuawa kwake kwa hukumu ya mahakama, vilionyesha kuwa alikuwa na hatia. Nasema kanuni iliyowekwa katika kesi yake inamfunga pia asiye na hatia, kwa sababu haimuulizi kama anayo au hana.

Ni kweli mlango mmoja mdogo uliachwa. Mwaka 2010, katika Holland v. Florida, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwaka huu unaweza kurefushwa kwa mtu aliyefuatilia haki yake kwa bidii lakini akazuiwa na jambo lisilo la kawaida. Albert Holland alikuwa amehukumiwa kifo. Alimwandikia wakili wake barua baada ya barua, akimtajia sheria yenyewe na tarehe, na alikuwa sahihi kuliko wakili. Siku zilizobaki baada ya uamuzi wa jimbo zilikuwa 12. Wakili hakumwambia chochote. Holland aligundua mwenyewe kwamba uamuzi umetoka, wiki tano baada ya muda kwisha, akaandika ombi lake kwa mkono na kulituma siku iliyofuata. Hicho ndicho kipimo cha bidii. Mpeni kipimo hicho kijana aliyesoma darasa la tano kambini, kwa Kifaransa na Kiswahili, halafu akajikuta katika gereza ambalo kila kitabu cha sheria ni cha Kiingereza.

Na hapa mahakama zenu wenyewe hazisemi kauli moja. Mwaka 2002, katika Cobas v. Burgess, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, inayotuhusu sisi wa Kentucky pamoja na Ohio, Michigan na Tennessee, ilisema kutojua Kiingereza hakutoshi kurefusha muda ikiwa hakukumzuia mtu kuifikia mahakama. Mwaka 2006, katika Mendoza v. Carey, Mzunguko wa Tisa kule magharibi ulisema gereza lisilo na maandiko ya sheria kwa lugha ya mfungwa, na ambako hakupata wa kumtafsiria, linaweza kuwa lile jambo lisilo la kawaida. Mzunguko wa Tatu, unaohusu Pennsylvania, ulifuata mwelekeo huo mwaka 2011 katika Pabon v. Mahanoy. Kwa hiyo ndugu wawili waliotoka kambi moja, mmoja akapangiwa kuishi Boise, Idaho, ndani ya Mzunguko wa Tisa, na mwingine Louisville, wakifungwa kwa kosa la aina moja, wana uzito tofauti wa lugha yao mbele ya Katiba ileile. Tena waliopanga nani aende wapi hawakuwa wao.

Najua pia kwamba tangu Machi 2025 Kiingereza kimetangazwa kwa agizo la rais kuwa lugha rasmi, na agizo la mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza likafutwa. Katiba yenu haikubadilika siku hiyo. Ibara ya kwanza inasema haki ya habeas corpus haitasitishwa isipokuwa wakati wa uasi au uvamizi, na haikutaja lugha ya mwombaji.

Anayewahi muda bado ana safari ndefu, nayo nitaipita haraka. Ombi liandikwe kwa mwandiko unaosomeka, litiwe saini chini ya adhabu ya kusema uongo, litaje kila hoja na ukweli wake. Ada ni dola 5, na asiyenazo anaomba asamehewe. Siku inayohesabika ni ile aliyokabidhi bahasha kwa mfumo wa barua wa gereza, na kwa hilo nawashukuru, kwa sababu ni kanuni inayomjua mfungwa alivyo. Jaji analipitia kwanza peke yake, na likionekana wazi kuwa halina msingi analifuta bila hata mkuu wa gereza kujibu. Likivuka, ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo inajibu na kuleta mwenendo wa kesi. Mara nyingi jaji hakimu huandika mapendekezo, na mfungwa ana siku 14 tu za kuyapinga. Huku kwetu asipoyapinga anapoteza na rufaa. Akishindwa, ana siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa, na hawezi kusikilizwa bila kibali maalumu. Akitaka kuleta ombi la pili maishani mwake, lazima kwanza aombe ruhusa kwa majaji watatu wa rufaa, na wakikataa uamuzi wao haukatiwi rufaa. Ndiyo maana ombi la kwanza ni kila kitu.

Katika njia hiyo yote, kanuni ya 8 ya kanuni za mashauri ya kifungu cha 2254 inamlazimu jaji kumpa mfungwa asiye na uwezo wakili pale tu anapoamua kwamba ushahidi usikilizwe. Kabla ya hapo kwa kawaida ni hiari. Waliohukumiwa kifo wana wakili kwa mujibu wa sheria. Wa miaka 40, wa kifungo cha maisha, anajaza fomu AO 241 mwenyewe, na akifika swali la 18 anaulizwa aeleze kwa nini ombi lake halijapitwa na muda wa kifungu cha 2244(d). Kwa wengi niliowasomea fomu hiyo, au ambao ndugu zao waliniletea nikaiona imeshajazwa, hapo ndipo walipojua kwa mara ya kwanza kwamba kuna mwaka. Fomu ya kuombea haki ndiyo inayowapa habari kwamba haki imeisha.

Sasa mnaloweza kulifanya. Bunge liongeze katika kifungu cha 2244(d) kwamba mwaka hauanzi kuhesabiwa hadi mfungwa akabidhiwe notisi ya maandishi, kwa lugha anayoielewa, yenye tarehe ya mwisho na maelezo kwamba muda wa jimbo ni jambo jingine. Jimbo litakalompa notisi siku ileile hukumu inapokuwa ya mwisho halitapoteza hata siku moja. Si jambo geni kwenu. Kanuni ya 32 ya mashauri ya jinai ya shirikisho tayari inamtaka jaji, baada ya kutoa adhabu, amweleze mshtakiwa haki yake ya kukata rufaa. Mnaamini mtu huyo anahitaji kuambiwa. Anahitaji kuambiwa zaidi pale wakili wa rufaa anapokunja faili na kuondoka.

La pili ni ombi linalokaa mahakama ya shirikisho. Tangu Duncan v. Walker ya mwaka 2001, muda hausimami ombi linapokuwa mikononi mwa jaji wa shirikisho. Mtu anaweza kuwasilisha mapema, likakaa zaidi ya mwaka, likarudishwa kwa sababu hoja moja haikumalizwa jimboni, naye akakuta muda wake umeisha akiwa anangoja mahakama yenyewe. Majaji waliruhusiwa mwaka 2005 kusimamisha shauri badala ya kulifuta, lakini kwa masharti ambayo asiye na wakili hajui kuyaomba. Bunge lina uwezo wa kurekebisha hili kwa sentensi moja.

La tatu nalielekeza kwa kamati ya kanuni. Wakili apewe mapema, angalau kwa mtu ambaye hasomi Kiingereza na analeta ombi lake la kwanza, ili hoja ipangwe kabla ya kuwasilishwa. Sheria ya malipo ya mawakili, kifungu cha 3006A, tayari inawaruhusu majaji kufanya hivyo haki inapodai. Semeni katika kanuni kwamba lugha ni mojawapo ya sababu hizo. Na fomu AO 241 ianze na tarehe ukurasa wa kwanza, itafsiriwe, iwekwe katika maktaba ya kila gereza.

Najua jibu linalorudi kila mara: kesi lazima ifike mwisho, na familia ya aliyeumizwa isiburutwe mahakamani miaka yote. Nakubali. Nimewatafsiria pia wazazi wa waliouawa, na sitasahau namna walivyochoka. Lakini karatasi ninayoiomba haiongezi kesi hata moja isiyo na hoja. Yule asiye na la kusema atakataliwa mapema badala ya kuchelewa. Inachofanya ni kumwezesha mwenye hoja aje wakati mashahidi bado wapo na kumbukumbu bado ni mpya, jambo ambalo hata familia hizo zinalihitaji.

Ninyi wa kamati ya kanuni mnapokea mapendekezo kutoka kwa mtu yeyote. Kanuni ikipita ngazi zote na Mahakama ya Juu ikaipeleka Bunge kabla ya tarehe 1 Mei, inaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Bunge lisipoizuia. Nitawatumia pendekezo langu kwa Kiingereza pamoja na barua hii.

Na ninyi familia mnaosoma, msingoje Washington. Muulizeni ndugu yenu wiki hii: rufaa yako iliamuliwa lini, na umeshawasilisha nini tangu hapo, tarehe gani? Andikeni majibu hayo, mpelekeeni mtu anayejua sheria ya shirikisho, si ya jimbo tu. Kama hukumu imekuwa ya mwisho chini ya mwaka mmoja uliopita, kila siku iliyobaki ni ya kutumia.

Waheshimiwa, naomba jibu kwa maandishi. Nitalitafsiri na kuwasomea walioniuliza.

Wenu kwa heshima,
Mkalimani wa Kiswahili
Louisville, Kentucky